Mwaka Niliochora Njia ya Modogashe

Abti Nuur alizikwa kabla sijajua kwamba alikuwa mgonjwa. Simu iliingia nikiwa darasani, nikaipuuza, ikaingia tena, na nilipotoka barazani kuipokea binti yake alikuwa ameshamaliza kulia na kufika kwenye mipango: wanaume wametoka makaburini, wanawake wamekaa kwa mama yake, nije nikiweza. Abti ni mjomba, ndugu wa mama, na kwetu Wasomali mjomba ana haki ya kukukemea na wewe una haki ya kumdekea. Mimi nilimdekea mwaka mmoja tu, mwaka wa ramani, na baada ya hapo nikawa namkwepa. Tukikutana arusini nilikuwa mtu wa kwanza kukumbuka kwamba sufuria jikoni zinahitaji kuangaliwa. Kutoka Garissa hadi Modogashe siku hizi ni safari ya asubuhi moja, na njia nzima nilitazama vichaka nikijaribu kukumbuka ni wapi tulisema njia yetu ingepita. Sikutambua hata mahali pamoja. Mambo ya mwaka ule sijayaelewa hadi leo, na nayaandika kwa sababu nimechoka kuyapanga kichwani yakajipangua yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Bwana Kilonzo alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa Kitui aliyefundisha Garissa muda mrefu hadi akasahau kurudi kwao. Alikuwa na wazo moja ambalo halikumwacha alale: kuwe na njia ya kutembea kwa miguu kutoka Garissa hadi Modogashe, si barabara ya malori bali mapito ya mifugo, ili kila mwaka vijana waliomaliza shule waifuate kwa siku sita, walale mahali palipopangwa, wanywe maji mahali palipopangwa, wafike wakiijua nchi yao kwa nyayo. Baadaye, alisema, hata wageni wangekuja. Alinichukua niwe karani wake na mkalimani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro, na nguo zangu zote mwaka ule zilinuka sponji mpya. Ukutani alikuwa amebandika karatasi nne za ramani, na pale zilipokutana mistari haikuungana vizuri, laga moja, mto wa msimu, ilikauka ghafla kwenye ukingo wa karatasi na kuanza tena upana wa kidole pembeni. Mchana yeye alifungua muthokoi wa mahindi na maharagwe aliotoka nao nyumbani, mimi nikafungua anjera zangu na chupa ya chai, tukagawana, na kila siku alisema chai yetu ina sukari ya kuua farasi kisha akamalizia kikombe. Nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kunipa penseli na kuniambia kwamba nitakachoandika kitafuatwa na watu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenda soko la mifugo na kuwauliza wachungaji walioleta ngamia na ng'ombe kutoka kaskazini walipita wapi. Ilionekana kazi rahisi. Nilisimama kwenye vumbi na daftari langu, shungi likiniganda usoni kwa jasho, nikauliza. "Nilipita kwa Gedi," akasema wa kwanza. Gedi yuko wapi? "Alikuwa pale juu. Sasa sijui." Wa pili pia alipita kwa Gedi, lakini upande mwingine kabisa. Wa tatu alisema Gedi hana maji mwaka huu, yeye alipita kwa wajukuu wa Shide, hapo tu. Hapo tu ni masaa mangapi? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa alfajiri. Inategemea, akasema: ngamia ana mzigo au hana? Ana mtoto au hana? Walio wengi waliniuliza mimi badala yake. Hao vijana wanatafuta nini? Ngamia wao amepotea? Kuna msiba Modogashe? Nilipojibu kwamba wanatembea ili watembee tu, mzee mmoja aliniombea dua. Nikarudi ofisini na Gedi watatu kwenye ramani, na Bwana Kilonzo akavua miwani. "Halima, huyu Gedi ni mji au ni mto?" Nikamwambia ni mtu. Akauliza nyumba yake haiwezi kuonyeshwa mahali ilipo? Nikajibu kwamba nyumba yake hubebwa na ngamia. Nilisema hivyo kwa kumcheka, maana mimi ni Msomali na yeye si, lakini ukweli ni kwamba sikujua zaidi yake. Nimezaliwa Garissa, karibu na mto. Nyumba inayobebwa nilikuwa nimeiona mara mbili, nikiwa mgeni, nikipewa maziwa.

Baada ya miezi miwili nilikuwa na njia saba, zote zilizosimuliwa na watu wenye akili timamu, na hakuna mbili zilizofanana. Nikaanza kuota mistari ya penseli. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa shuleni, lakini mwalimu wetu hakusema ufanye nini ukiuliza watu ishirini. Ndipo nikamkumbuka abti. Watu wa Modogashe wote walijua kwamba Nuur ndiye mtu wa sahan. Kabla familia hazijahama, hutangulizwa mtu mmoja au wawili, siku tatu au nne mbele, akaangalie maji, majani, ugonjwa wa mifugo, na nani ameshafika huko. Hiyo ndiyo sahan. Akirudi akisema kunaendeka, watu hushusha nyumba, huzipakia juu ya ngamia na kuondoka na watoto wachanga na wazee, kwa neno lake tu. Akikosea kwa bahati mbaya husamehewa, maana mvua ni ya Mungu. Akisema asichokiona hatumwi tena maisha yake yote. Abti alikuwa ametumwa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Alikuja Garissa mwezi wa Desemba, mvua fupi zikiwa zimeisha vizuri, kuuza madume mawili. Nikamleta ofisini. Alikaa pembeni mwa kiti kana kwamba kiti kizima ni cha mtu mwingine, fimbo magotini, na Bwana Kilonzo akamwekea chai ya sukari nyingi kwa heshima. Abti aliangalia ramani muda mrefu. "Hii ni bicha ya nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. Ya nchi, akaambiwa. "Ya nchi lini?" Bwana Kilonzo hakuelewa swali, akanitazama nitafsiri, nami nilikuwa nimelielewa kila neno na sikujua lilikuwa linauliza nini. Akalirudia polepole, kwa ajili yetu wajinga: "Hii nchi ya mwezi gani?" Lakini alitusaidia. Kwa ncha ya fimbo alituonyesha njia moja safi: siku ya kwanza laga, siku ya pili visima vya ukoo wa mkewe, siku ya tatu silanga ya Harweyn, bwawa lililochimbwa zamani, na jamaa zake wamepiga kambi hapo, watatoa maziwa, kisha siku tatu za mwisho visima hadi Modogashe. Alikuwa ametoka kuiona yote kwa macho yake. Nikaichora kwa wino. Wino, si penseli. Abti alinitazama nikichora, kisha akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida, akiniita kwa jina la nyumbani, huku akinyanyuka: "Hii ni habari ya leo, Halimo. Habari ya sahan ni maziwa, haikai. Mkitaka kuondoka, niulizeni tena." Nikasema ndiyo abti. Bwana Kilonzo akauliza amesema nini. Nikamwambia, sikumficha, na akaandika kwa mkono wake pembeni mwa ramani: kuuliza tena kabla ya safari.

Vijana wanane walikuwa waondoke wiki iliyofuata. Hawakuondoka. Barua ya ruhusa ilikwama kwenye meza fulani, ikakwamuka, ikakosa muhuri, ikarudi kukwama. Desemba ikaisha, Januari ikaja na jua la jilaal, ule ukame unaokausha hata mate. Ilipopatikana ruhusa zilikuwa zimepita wiki sita. Bwana Kilonzo alikuwa anafunga buti. Angetembea na vijana mwenyewe, mzee wa nywele nyeupe. "Umemuuliza mjomba wako? Njia haijabadilika?" Nikasema haijabadilika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba abti angesema hapana na tungerudi kwenye njia saba na Gedi watatu. Nadhani pia nilikuwa nimeipenda ramani yangu. Ilikuwa nadhifu, na nilikuwa nimeandika Harweyn kwa herufi za kulala. Na simu wakati ule hazikuwako huko, abti alikuwa porini na ngamia, kumtafuta kungechukua siku nyingi. Sababu zote hizi ni za kweli na nikizijumlisha hazifiki kwenye lile neno moja nililotamka. Sikuwa na hila. Nilikuwa kama mtu anayejibu yuko salama kwa sababu ndivyo salamu inavyojibiwa.

Mimi sikutembea. Nilitangulia Modogashe kwa lori ili kuwapokea, na siku ya sita nilipika na wanawake wa jirani sufuria kubwa ya wali na nyama ya mbuzi, tukaufunika kwa sinia na mkaa juu. Tuliongea, tukacheka, mmoja akanionyesha jinsi ya kufunga nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ya kuwekwa akiba, isiingie hewa. Alasiri wali ukaanza kushika chini. Tukawapa watoto. Siku ya saba nikapika tena, kidogo zaidi, na hakuna aliyeongea. Walifika adhuhuri ya siku hiyo, si kwa miguu, bali juu ya lori la mbuzi lililowakuta wakijikokota kuelekea barabarani. Silanga ya Harweyn ilikuwa udongo uliopasuka. Kambi ya jamaa zetu ilikuwa duara la miiba na majivu yaliyopoa. Walikuwa wamehama zaidi ya wiki mbili kabla. Vijana walikuwa wameshika njia ya barabara siku mbili bila maji ila mkojo wao, akiba ya aibu, hivyo ndivyo msichana mmoja alivyoniambia baadaye, na sikumwuliza zaidi. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Mvulana mmoja hakuweza kutamka jina lake hadi kesho yake. Bwana Kilonzo alishushwa akiwa amelala, midomo imechanika, buti zimefungwa shingoni kwa kamba zake.

Katika zahanati walimtundikia maji ya mshipani nami nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda. Mhudumu alikuwa amemvisha shuka ya kijani iliyomfikia magotini. Alipofungua macho alinitafuta, akanipata, akauliza kwa sauti iliyokuwa pumzi tu: "Ulimuuliza tena?" Aliuliza kwa upole. Angenipigia kelele pengine ningesema kweli. Nikasema, "Nilimuuliza, mwalimu." Akafumba macho. Akasema, "Basi." Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu ilitosha kufika hotelini kabla ya alasiri, kwa sababu mhudumu alisikia, na mhudumu ana ndugu, na ndugu hunywa chai.

Hoteli ya Modogashe niliyokwenda kununua uji wa mgonjwa ilikuwa na sehemu ya wanawake nyuma ya pazia la maua mekundu. Nilikaa huko nikisubiri. Upande wa pili wanaume walikuwa wakila pasta na nyama, nikasikia vijiko, kisha nikasikia jina. Abti alikuwa ameingia mjini asubuhi ile kutoka malishoni. Walimsalimia, wakaulizana habari kama inavyopasa, ya watu, ya mifugo, ya mvua, moja baada ya nyingine hadi zikaisha, na hapo mzee mmoja akasema polepole: "Nuur, wale watoto walikwenda Harweyn kwa neno lako. Zahanati wanasema uliulizwa mwezi huu ukasema maji yapo. Binti ya dada yako ndiye aliyekuuliza." Vijiko vilikuwa vimeacha kulia. Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya chai ya moto kwa viganja vyote viwili na sikuiachia. Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja, sijaulizwa na mtu tangu Desemba, na kila mtu mle ndani angemwamini kuliko mimi. Nilimsubiri aiseme. Wallahi nilitaka aiseme. Abti akakohoa kidogo. "Maneno ni yangu," akasema. Mwingine akauliza ana maana gani, aliulizwa au hakuulizwa? "Nimesema maneno ni yangu." Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, kisha viatu vyake vikitoka. Mtu akasema, "Amezeeka." Mwingine akasema neno baya zaidi, lile ambalo mtu wa sahan haambiwi. Pazia lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Mwenye hoteli akaniletea uji, nikauchukua, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Nilimfuata siku ya tatu. Alikuwa anachota maji ya mbuzi kwenye tangi, na nikamwambia yote bila salamu, Abti ni mimi, sikukuuliza, nimedanganya mara mbili, twende niwaambie. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikasema, "Abti." Akasema, "Nenda ukale." Nikaenda mwenyewe kwa yule mzee wa hotelini, nikamwambia kweli barazani kwake mbele ya watu wawili, na alitabasamu kwa huruma na kusema ni vizuri msichana kumtetea mjomba wake. Ukweli wangu ulikuwa umechelewa kiasi cha kufanana na uongo. Jilaal iliyofuata familia zilipokusanyika kupanga kuhama walimtuma kijana wa ukoo mwingine. Abti hakutumwa tena, si mwaka ule wala mwaka wowote. Alibaki na mbuzi wachache kandokando ya mji, akizeeka katikati ya watu waliomsalimia vizuri sana. Bwana Kilonzo alirudi Kitui baada ya kupona, akabandua ramani kwa kisu taratibu ili isichanike, akaniachia penseli zake zote. Kwake pia sikusema. Nimefundisha watoto wa watu insha kwa miaka mingi, nawaambia waanze na jambo wanalolijua, na mimi jambo ninalolijua kuliko yote silielewi: kwa nini mtu atupe jina lake la maisha yote kwa ajili ya msichana aliyeshindwa kuvuka hatua mbili?

Nilimkuta mkewe, Habaryar Ebla, amekaa juu ya mkeka ukutani, wanawake wakiingia na kutoka, wakisoma Kurani, wakinywa chai. Habaryar ni mama mdogo. Hivyo ndivyo nilivyomwita siku zote. Nilimpa mkono wa pole, nikakaa karibu yake, na chumba kilipopungua watu nilimwinamia sikioni. Nilikuwa nimejiandaa tangu Garissa. "Habaryar, mwaka ule wa Harweyn, abti hakuulizwa."

"Najua," akasema.

"Alikuambia?"

"Aniambie nini? Mwezi ule wote alikuwa na mimi upande wa mashariki, ngamia walikuwa wanazaa. Hakuna mtu alikuja. Nani angemwuliza, fisi?" Alisogeza kikombe chake. "Nilimwambia aende aseme. Nilimgombeza sana. Watoto wangu waliitwa watoto wa mwongo kisimani, wewe hujui hiyo."

Sikujua hiyo. Nikauliza alimjibu nini.

"Alisema yeye ana kosa. Alisema mtu wa sahan hapeleki habari kwa kila mtu, anachagua. Alisema, nilimpa habari ya maji mtu ambaye hajawahi kuishiwa maji. Kosa ni langu."

Niliyageuza maneno hayo upande huu yakawa msamaha, nikayageuza upande ule yakawa hukumu nzito kuliko zote, na yote mawili yalikuwa maneno yaleyale. "Alisema kwa hasira?"

"Alikuwa anafunga mzigo," akasema Habaryar Ebla. "Alisema tu." Kisha akanigeukia, macho yake mekundu kwa siku tatu za kulia, akanitazama kuanzia shungi hadi viatu vyangu vya mjini, akauliza kama mtu anayetaka kujua tu: "Na sasa? Umewahi kuishiwa maji?"

Nikamwambia hapana, bado.